Marehemu na Pacha Wake wa Serikali

"Pacha haingii kwenye karatasi hii ya wasifu," alisema mtoto wa kwanza wa marehemu. "Mtu aliyempasua baba kichwa hawezi kusomwa pamoja na wafiwa. Mkimwandika yeye, mimi nifuteni."

"Nani akufute, na siku ya kukuzaa nusura unifute mimi," mama yake alimjibu. "Binti, andika. Ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja na pacha wake."

Binti wa marehemu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyeshika kalamu, maana mama yake hajui kuandika hata jina lake. Kalamu haikusogea. Kaka yake, mchinjaji kama alivyokuwa baba yao, alichomoa kisu cha kuchunia cha marehemu, kile chenye mpini uliofungwa waya, akakilaza mezani katikati ya vikombe vya chai. Alisema Pacha, mlinzi yule wa shule, akikanyaga sebule hii, atatoka amebeba matumbo yake mikononi. Hakupaza sauti. Mjukuu aliyekuwa amesimama mlangoni alirudi nyuma taratibu mpaka akagonga ukuta.

Chumba cha pili marehemu alikuwa amelala ndani ya jeneza juu ya viti vya kuazima. Kwa kuwa viti vya jirani huyu havilingani na vya jirani yule, miguu ilikuwa juu na kichwa chini, kama mtu anayeteremka mlima kwa tumbo.

"Tuanze mwanzo," alisema mjane. "Tukifika kwenye orodha ya wafiwa ndipo mtauana. Kwa sasa niondoleeni hivi vikombe, naona vinanitazama."

Vikombe vikaondolewa, watu wakapishana, na katika pilikapilika hizo hakuna aliyeangalia ni kitu gani kingine kilichoondoka mezani. Mjane alikaa vizuri kwenye kiti chake, akajifunika shuka magotini, akasafisha koo. Haya yafuatayo ni maneno yake, kama yalivyoandikwa na binti.

Marehemu alizaliwa ng'ambo ya mpaka, ndani ya nyumba iliyokuwa ikiungua. Mkunga alikimbia, ukuta ukaanguka, na mtoto akatoka kuona hizo kelele ni za nini. Yeye mwenyewe alisisitiza mpaka uzeeni kwamba kitovu alijikata kwa meno. Mke wake alimwambia kichanga hana meno. Akajibu, "Kwani wewe ulikuwepo?" Hakuwepo, kwa hiyo inaandikwa hivyo hivyo.

Vita haikumsubiri akue. Alipokuwa mvulana, watu wenye bunduki waliingia uani asubuhi, wakampiga baba yake risasi mlangoni, wakachinja ng'ombe wote na wala hawakuwala. Ua ulijaa damu mpaka kuku wakawa wanaacha nyayo nyekundu kila wanapokwenda. Marehemu alimbeba mama yake mgongoni akavuka naye mto, askari mmoja amemng'ang'ania mguu. Alipomsimulia mke wake mara ya kwanza, askari alikuwa mmoja. Walipozaa mtoto wa pili, kilikuwa kikosi kizima, na mkubwa wao alikuwa juu ya farasi ndani ya maji. Lakini habari ya mama yake haikuongezeka hata neno. Alimshusha upande huu, kwenye majani, akakuta ameshakufa. Risasi iliyomlenga mwanawe ilikuwa imeishia kwake.

Upande huu palikuwa na meza, na nyuma ya meza ofisa wa uhamiaji. Waliovuka siku ile walipangwa mstari, wakafunguliwa midomo, wakatazamwa meno kama punda wa mnadani, kisha wakaandikwa umri. Hakuna aliyeulizwa tarehe. Wote waliandikwa kwamba walizaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza, na ndiyo maana hiyo inasomwa leo kuwa siku ya kuzaliwa ya marehemu, ingawa nyumba yao iliungua msimu wa mavuno.

Nyuma yake kwenye mstari kulikuwa na mvulana wa kabila jingine, naye amekimbia vita hiyo hiyo kwa njia nyingine. Akamkanyaga kisigino. Marehemu aligeuka akamtia ngumi ya pua. Yule akamrudishia ya mdomo. Wakaanguka chini ya meza, wakaendelea huko huko kati ya miguu ya ofisa, na ofisa, ambaye alitaka kwenda kula, aliwaandika wote wawili mara moja. Siku moja ya kuzaliwa, jina moja la baba. Basi serikali ikawa imezaa mapacha, na uchungu wake haukuchukua hata dakika mbili.

Kuhusu elimu. Sheria ya wakati ule ilisema mtoto wa mgeni haingii darasani mpaka aijue lugha ya nchi, na lugha hiyo atafundishwa peke yake, asije akawachelewesha wenzake. Shule ikatoa stoo iliyo nyuma ya vyoo, ikatia mabenchi, ikaiita Chumba cha Wageni. Marehemu huko kwao alikuwa ameshafika kwenye hesabu za sehemu. Huku aliambiwa aimbe a, e, i, o, u pamoja na watoto ambao bado wanavuja makamasi, magoti yake yamepita masikio. Mwalimu wa chumba kile alikuwa na kipande cha mpira wa maji, na mpira ulifundisha kuliko mwenyewe. Aliyekosa alipigwa kwa kukosa. Aliyepata alipigwa ili asisahau.

Mapacha walikuwa wakubwa kuliko wote, wakawekwa benchi la mwisho, pembeni kushoto. Hawakuwa na lugha hata moja ya kuelewana, wakapigana. Walipigana kabla ya kengele na baada ya kengele. Walipasuana midomo, wakapondana vidole kwenye bawaba za mlango, na kila jino lililong'oka walichora mstari kwa msumari upande wa chini wa benchi, hapo ambapo mwalimu haoni. Ngumi zilitangulia, maneno yakafuata. Neno la kwanza waliloelewana lilikuwa "basi." La pili lilikuwa "tena."

Kutoka stoo kwenda darasa la kweli ilibidi mkaguzi aseme. Mkaguzi alikuja mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine alipitiwa. Siku alipokuja, mwalimu alimchagua marehemu amkaribishe, kwa kuwa alikuwa na sauti. Marehemu alisimama wima, mikono pembeni, akamkaribisha mkaguzi kwa maneno aliyokuwa akiyasikia kila asubuhi mtu anapoingia katika chumba kile: "Kaa chini, punda wewe, kabla sijakuvunja mbavu."

Aliyasema kwa adabu, na matamshi yalikuwa safi kabisa. Lugha ya nchi alikuwa ameijua kama alivyofundishwa. Mkaguzi akafunga mkoba wake akaondoka, na chumba kizima kikabaki mwaka mwingine. Mwalimu alimchapa mpaka mpira ukakatika. Halafu Pacha naye akampiga kwa mkono mtupu, kwa ajili ya mwaka aliompotezea, na alipomaliza akamburuta bombani akamwosha damu.

Kabla mkaguzi hajarudi, sheria ilibadilika tena, ikasema mwenye ndevu hana haki ya kukaa shule ya watoto. Wakatoka na ndevu zao, bila cheti.

Kwa waliotoka Chumba cha Wageni nchi hii ilikuwa na kazi mbili tu, kuchinja na kulinda. Pacha alipewa rungu na koti, akaambiwa alinde lango la shule ile ile, ili ambao hawakuruhusiwa kusoma wasiingie. Marehemu alikwenda machinjioni. Alianzia kwenye mfereji, kusukuma damu kwa ufagio wa waya, buti zimejaa mpaka soksi zinaganda. Akapanda kwenye kulabu, akapanda kwenye kuchuna, akafika kwenye shoka la mifupa, ambalo hapewi mtu mwenye mashaka. Siku ya kwanza wenzake walimwita Mgeni. Aliwafundisha kazi vijana, vijana wakazeeka, wakastaafu, wakamuaga: "Haya Mgeni, kwaheri."

Kuna fahali aliyezinduka akiwa ameshatundikwa, akang'oka na kulabu yake, akawatupa watu wawili kwenye pipa la maji ya moto. Marehemu alisimama katikati ya mlango akampiga ngumi moja kati ya macho. Fahali alikaa chini kama mtu aliyekumbuka jambo. Wapo watakaosema hapa pameongezwa chumvi. Waulizwe wao walikuwa wamejificha wapi.

Marehemu alifunga ndoa na binti wa mtaa huu, muuza utumbo wa langoni machinjioni. Huyu alizaliwa hapa hapa. Shule aliingia kwa mlango wa mbele akatokea dirishani siku hiyo hiyo, na hakuna sheria iliyomuuliza kitu. Aliyeitaka shule alifungiwa stoo, aliyeikimbia akaitwa mwananchi, na mpaka leo mjane hajaona aliyekaa akalieleza hilo likaeleweka. Sheria ilisema vilevile kwamba mwanamke akiolewa na mgeni, watoto watakuwa wageni kama baba yao. Kaka zake walikuja kumweleza jambo hilo siku ya arusi, na walikuja na vifaa.

Walimkuta bwana arusi nje ya ukumbi. Mmoja alimchapa usoni kwa mnyororo wa baiskeli, na jicho la kushoto likapasuka mbele ya wageni waalikwa. Halikuona tena. Alipiga magoti, damu inamwagika kwenye shati jeupe, na bado aliwaangusha wawili kwa kuwapapasa. Wa tatu aliangukia mikononi mwa Pacha, na Pacha akamng'ata sikio mpaka likatoka. Kwenye picha ya arusi bwana arusi ana jicho moja, msimamizi wake, Pacha, ana sikio la mtu mwingine mfukoni, na bibi arusi anacheka. Tangu siku hiyo Pacha alitembea upande wa kushoto wa marehemu, popote walipokwenda, bila kuambiwa na mtu.

Walijaliwa watoto wawili, hawa mnaowaona. Bahati yao, walipofikia umri wa kwenda shule alikuwa amekuja waziri mwingine, akafuta Chumba cha Wageni, akasema watoto wote wakae darasa moja. Wakakaa. Wakapigana na watoto wa wenyeji kwa lugha moja, wakanakiliana hesabu, wakaalikana nyumbani. Miaka miwili haikupita, hapakuwa na aliyeweza kusema huyu wa kuja na huyu wa hapa, isipokuwa kwa kuuliza. Binti akasoma mpaka uuguzi. Kijana angeweza kusoma pia, ila alipenda nyama. Wote wawili walimwita Pacha baba mdogo, na huyu aliyeleta kisu mezani ndiye ambaye Pacha alimbeba mgongoni kutoka shule mpaka hospitali siku alipovunjika mguu, akimtapikia shingoni njia nzima.

"Hayo ya zamani, mama," kijana alisema.

"Wasifu wote ni wa zamani, mwanangu. Ungetaka niandike ya kesho?"

Mwaka huu wakaja mawaziri wengine. Sheria ikafufuliwa na kuongezwa urefu: sasa hata mjukuu wa aliyevuka atapimwa upya lugha, na mpaka apimwe atakaa pembeni. Mjukuu wa marehemu hajui lugha nyingine yoyote duniani. Ya babu yake hajui hata tusi moja. Alitolewa darasa la pili katikati ya hesabu za kutoa, akapelekwa stoo nyuma ya vyoo, kwenye mabenchi yale yale, ambayo hakuna aliyekuwa amejishughulisha kuyatupa. Jioni alirudi nyumbani na mistari ya mpira kwenye mashavu ya miguu. Marehemu aliitazama mistari ile kwa jicho lake moja. Alimpaka mtoto mafuta, akalala.

Kuhusu ugonjwa wa marehemu. Hakuugua. Alikuwa mzima kama nguzo mpaka Alhamisi tarehe tisa ya mwezi huu, asubuhi, alipopita machinjioni akachukua shoka la mifupa akaenda nalo shuleni.

Pacha alikuwa langoni. "Unakwenda wapi na shoka, mwenzangu?"

"Kusoma," marehemu akamjibu.

Pacha akafungua lango. Kama kuna kosa la Pacha, ni hilo, na ajabu ni kwamba hakuna anayelitaja.

Mlango wa stoo ulikwenda kwa pigo moja, na bawaba zake. Mwalimu wa sasa, ambaye ni mnene, alipita kwenye dirisha ambalo paka angefikiria mara mbili. Watoto wakatawanyika wakipiga mayowe, na marehemu akaanza na benchi la mbele. Alipasua benchi baada ya benchi, vipande vinagonga dari, mikono inavuja damu kwa vibanzi, huku akinguruma yale maneno ya mwalimu wa zamani, kaa chini, punda wewe, kaa chini. Pacha alimfuata nyuma bila kumgusa. Walimu waliokusanyika uani walimwamuru ampige. Hakumpiga. Mwalimu mkuu alimwambia kazi yake imekwisha asipompiga. Hakumpiga. Marehemu akafika benchi la mwisho, pembeni kushoto, akainua shoka.

Mjukuu hakuwa ametoka na wenzake. Alikuwa ametambaa chini ya benchi lile, akajikunja. Marehemu angewezaje kumwona upande huo, na jicho alilipoteza kwenye arusi yake? Pacha alikuwa kushotoni kwake kama siku zote. Aliona kiatu. Alipiga kelele, lakini mwenzake alikuwa ananguruma kwa nguvu kuliko yeye, na shoka lilikuwa limeshaanza safari. Rungu likafika kwanza.

Kijana wa marehemu alisimama. "Nani kakwambia hayo?"

"Aliyekuwa chini ya benchi."

"Mtoto mdogo anasema chochote."

"Tangu Alhamisi hajasema lingine, baba. Mnampita tu sebuleni mkitafuta mtu wa kumchinja."

"Mbona Pacha mwenyewe polisi hakusema? Aliulizwa kama kampiga, kasema ndiyo, kanyamaza."

"Ulitaka aseme nini? Kwamba ndugu yake alikuwa anakaribia kumkata mjukuu wake vipande viwili? Amtie aibu hiyo mtu ambaye hawezi tena kujibu? Walipomwachia, mwalimu mkuu alimpa mkono mbele ya shule nzima, kumpongeza kwa kazi nzuri. Nenda kamwangalie mwalimu mkuu ule mkono. Vidole viko kwenye plasta, na Pacha hana kazi."

Kijana hakukaa wala hakuondoka. Binti alifuta uso kwa kiganja cha mkono ulioshika kalamu, akajipaka wino, akasema kuna jambo yeye hajawahi kulisema. Mama yake akamwambia aseme huku anaandika.

Hospitalini walimwekea marehemu kitanda baada ya kuulizwa kadi ya ukaazi, ambayo binti aliitoa kwa meno yamekazwa, naye ni muuguzi wa wodi hiyo hiyo. Ubongo ulikuwa umevimba. Jumamosi tarehe kumi na moja, mchana, alifumbua jicho lake zima akauliza, "Pacha yuko wapi?" Binti alidhani anataka kulipiza. Akamwambia yuko mikononi mwa polisi, asiwe na wasiwasi.

Marehemu akasema, "Basi."

Binti akasubiri neno jingine, maana utoto wao wote walikuwa wakiwasikia wazee hawa wakitaniana hivyo uani, mmoja akisema basi, mwingine akijibu tena. Hakuna aliyejibu. Aliyepaswa kujibu alikuwa selo. Marehemu alifumba jicho, na kabla wauguzi wa zamu hawajapokezana alikuwa amefariki.

Kutoka chumba cha pili ulisikika ubao wa jeneza ukilia kidogo, kwa vile lilikuwa limeinama.

"Haya, orodha," alisema mjane. "Marehemu ameacha mjane, ambaye meno yake bado anayo. Mtoto wa kwanza, mchinjaji. Binti, muuguzi. Mjukuu mmoja, ambaye kwa sasa hana chumba cha kufungiwa, kwa juhudi za marehemu. Apumzike sasa, na nchi zote mbili zimwache. Umemaliza kuandika?"

"Nimemaliza, mama."

"Hujamaliza. Rudi juu kidogo, baada ya mjukuu. Weka mkato. Andika, na..."

Mlango ulisukumwa kwa bega. Pacha aliingia kinyumenyume, maana alikuwa amebeba benchi refu la shule kichwani, na upande wa chini ulikuwa nje, umejaa mistari ya msumari. Aligeuka polepole asivunje taa.

"Shemeji," alisema, "nimesikia amelala kichwa chini."

Watu wote sebuleni walisimama. Mkono wa kijana wa marehemu ulikwenda mezani bila yeye kuutazama, ukapapasa pale vilipokuwa vikombe na kisu, ukapapasa tena. Mjane peke yake hakuinuka kumpokea mgeni, kwa ajili ya kile alichokuwa amekikalia.